Mkopo uliosimama na barua tatu: uchambuzi wa kisa kutoka pwani ya Tanga

Nimeandika kisa hiki kwa ajili ya wasaidizi wa kisheria wenzangu, viongozi wa vikundi, na madiwani watakaopenda kujua barua zao zinavyosomwa huku chini. Majina ya watu, kikundi, kijiji na kata nimeyaondoa, na baadhi ya tarehe nimezitaja kwa mwezi tu. Mkoa wa Tanga una halmashauri 11. Kisa kimetokea kwenye mojawapo ya zile zinazogusa bahari, na zaidi ya hapo sitasema.

Usuli

Kikundi ni cha wanawake kumi na wawili wanaochemsha na kuanika dagaa. Kazi yao inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikishika kazi hulala. Boti zikiingia alfajiri wanawake hununua kwa ndoo, huchemsha kwenye masufuria makubwa ya maji ya chumvi, kisha huanika. Hapo kwenye kuanika ndipo fedha inapopatikana au kupotea. Asiye na chanja, yaani meza ya mirunda na nyavu ya kuanikia, hutandaza turubai au wavu chakavu mchangani. Mnunuzi akija huchukua dagaa mmoja, anamtafuna taratibu huku akitazama pembeni, na akisikia mchanga menoni bei inashuka papo hapo bila majadiliano marefu. Dagaa wa chanja hana mchanga, upepo unampitia juu na chini, na wingu likitanda anafunikwa haraka.

Mwanzoni mwa 2023 kikundi kiliomba mkopo wa halmashauri ili kijenge chanja sita na kibanda cha kuhifadhia. Mkopo wenyewe ni ule unaoitwa wa asilimia 10. Tangu mwaka 2018, kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kinaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani na kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu bila riba, kwa mgawo wa nne, nne na mbili. Ofisa maendeleo ya jamii alifika mwezi Februari, akakagua daftari, akahesabu masufuria, akawauliza maswali. Wakati wa kuondoka aliwaambia barazani kwa mwenyekiti wao: "Mmepita." Hakuandika chochote.

Kwa neno hilo moja walikwenda kwa muuza mbao wakachukua mirunda na nyavu kwa mkopo, wakiahidi kulipa fedha ya halmashauri ikiingia. Aliyewakopesha ni mtu wa kijijini hapohapo, kwa hiyo deni lilikuwa likipita mlangoni kila asubuhi na kusalimia.

Mwezi Aprili 2023 Serikali ilitangaza bungeni kusitisha utoaji wa mikopo hiyo ili itafutwe njia nyingine ya kuitoa. Sababu zilijulikana na wengi wetu tuliona zina uzito: ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zilikuwa zimeonyesha mikopo isiyorejeshwa na vikundi visivyoonekana vilipo. Kikundi chetu hakikuwa hewa. Kilikuwa na mirunda iliyorundikwa uani kwa mhazini.

Barua ya kwanza

Mwezi Juni walimwandikia mbunge wa jimbo. Barua ilikuwa na kurasa mbili na kichwa kilichosomeka "YAH: KERO ZA WANANCHI WA KIJIJI CHETU". Mkopo ulitajwa katika aya ya nne. Kabla yake kulikuwa na barabara inayokatika wakati wa masika, maji ya bomba yasiyofika na mnunuzi wa dagaa anayepunja vipimo. Baada yake kulikuwa na ombi la jezi za timu ya vijana, ambalo sijaelewa hadi leo liliingiaje kwenye barua ya wachemsha dagaa. Mwishoni palikuwa na "Nakala kwa" za ofisi saba, kuanzia mkuu wa mkoa hadi mtendaji wa kata. Ilipigwa picha na kutumwa kwa katibu wa mbunge kwa WhatsApp.

Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, kwa njia hiyohiyo: "Mheshimiwa amepokea barua yenu na anawashukuru kwa kumwamini. Masuala yote anayafanyia kazi. Endeleeni kuwa wavumilivu." Kati ya zile ofisi saba hakuna iliyoandika neno.

Jibu hilo liliwafurahisha. Mwenyekiti alilisoma mbele ya kikundi, wakapiga vigelegele, na muuza mbao akaonyeshwa simu ili aone kwamba mambo yako njiani. Akaongeza muda. Tangu siku hiyo wakasubiri: Julai, Agosti, Septemba. Katika kipindi hicho kulikuwa na usiku mzuri wa dagaa tele, na waliwaanika mchangani, kwa sababu hakuna aliyetaka kuanza kujenga chanja kwa fedha ya mfukoni wakati mkopo "unafanyiwa kazi".

Nini hasa kilisitishwa

Walinijia mwishoni mwa Septemba wakitaka niwaandikie barua kali. Neno hilo nalisikia mara nyingi, na huwa naliacha kwanza lipoe. Badala ya kuandika tulikaa na karatasi tatu mkekani, moja kwa kila mtu anayeweza kuandikiwa, na chini ya kila jina tukaandika anachoweza kufanya kwa mamlaka yake mwenyewe bila kumwomba mwingine.

Karatasi ya mbunge ilitushangaza kwa ufupi wake. Mbunge hatoi mkopo na hawezi kuiamuru halmashauri iutoe. Anaweza kuuliza. Ibara ya 63 ya Katiba inampa uwezo wa kumuuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo chini ya wizara yake, na kabla ya kufika bungeni anaweza kwenda au kuandika wizarani, ambako barua yake haikai kwenye foleni moja na yangu. Pia ni mjumbe wa Baraza la Madiwani la halmashauri yake, jambo ambalo wananchi wengi hulisahau.

Diwani anakaa kwenye Baraza linalopokea taarifa ya mapato na matumizi kila robo mwaka. Hawezi kurudisha kilichositishwa na Serikali Kuu, ila anaweza kuuliza fedha iko wapi na swali lake likaingia kwenye muhtasari. Mkurugenzi ndiye mwenye majalada, na lile la maombi yao liko kwake.

Tulipofika hapo ndipo lilipojitokeza jambo ambalo barua ya kwanza haikuligusa. Tangazo la Aprili lilisimamisha utoaji. Kifungu cha 37A hakikuguswa, kwa hiyo wajibu wa halmashauri kutenga ile asilimia 10 kutoka kwenye makusanyo yake ulikuwa palepale, mkopo utolewe usitolewe. Maswali yakawa mawili, na kila moja lilikuwa na mwenyewe. Je, fedha inaendelea kutengwa? Hilo ni la diwani. Je, vikundi vilivyokwisha kukaguliwa vitaendelea pale vilipoishia au vitaanza upya? Hilo majibu yake yako wizarani, na wa kulibeba ni mbunge.

Ubishi kabla ya kuandika

Walikubaliana upesi kuhusu maswali, ila walibishana kuhusu adabu. Mkubwa wao kwa umri, ambaye wote tunamwita Bibi, alikataa kutia saini.

"Mwanangu, huyu diwani nimemuogesha kwenye beseni. Leo nimpelekee barua ya muhuri? Atasema Bibi kanishitaki."

Katibu wao, binti aliyemaliza kidato cha nne, alijibu kwa heshima zote kwamba barua haimhusu yeye, inahusu ofisi yake. Bibi akamtazama. "Ofisi haiji msibani kwangu. Yeye anakuja."

Hoja ya Bibi ilikuwa na uzito kuliko ilivyosikika. Kwetu pwani diwani ni mkwe wa mtu, mtani wa mtu, na kesho mtakutana kwenye hitima. Barua inayomfikia kwa mshtuko huiona kama ya wapinzani wake, na anayeandika huonekana ametumwa. Tukaamua mambo mawili. Kwanza, Bibi na mwenyekiti waende kwake jioni, wamsalimu, wamweleze kwamba barua inakuja, inauliza nini, na kwamba itamsaidia kuuliza yeye mwenyewe. Pili, barua ipite kwa mwenyekiti wa serikali ya kijiji kama utaratibu ulivyo, agonge muhuri wake, ili lisiwe jambo la chini kwa chini.

Mwenzangu mmoja wa kazi hii alinilaumu kwa hilo la kwanza. Kwake, kumtembelea diwani nyumbani kabla ya kumwandikia ni kumpa nafasi ya kuwabembeleza wasiandike. Hatari hiyo ipo. Ndiyo maana tuliandika na kusaini kwanza, na Bibi alikwenda na barua tayari imo ndani ya pochi ya mwenyekiti.

Barua yenyewe

Naiweka hapa karibu yote ya diwani, kwa sababu ni fupi.

"YAH: FEDHA ZA MIKOPO YA ASILIMIA 10 ZILIZOTENGWA TANGU APRILI 2023

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

2. Sisi ni kikundi cha wanawake kilichosajiliwa na halmashauri. Maombi yetu ya mkopo yalikaguliwa Februari 2023, kabla ya Serikali kusitisha utoaji wa mikopo hiyo.

3. Tunaelewa kwamba kilichositishwa ni utoaji. Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura 290, kinachoitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, hakijafutwa.

4. Tunakuomba utuulizie jambo moja katika Baraza la Madiwani: kwa kila robo mwaka tangu Aprili 2023, halmashauri imetenga kiasi gani, na fedha hizo zimehifadhiwa wapi?

5. Tutashukuru kupata jibu la maandishi baada ya kikao cha Baraza cha robo hii.

Tunaomba kuwasilisha."

Saini zilikuwa kumi na moja na dole gumba moja, la Bibi. Nakala ilikwenda kwa mkurugenzi tu.

Barua ya mbunge ilikuwa na urefu huohuo na swali lake moja: vikundi vilivyokaguliwa kabla ya Aprili 2023 vitaendelea au vitaomba upya? Tuliongeza sentensi moja niliyoipigania: "Hata kama jibu ni kwamba tutaomba upya, tunaomba tujulishwe, kwa sababu tuna deni la vifaa na tunahitaji kupanga." Mwenyekiti hakuipenda. Aliona ni kama kumfungulia mbunge mlango wa kukataa, na nilimwambia ndiyo, hasa.

Ya tatu ilikwenda kwa mkurugenzi. Huyu hachaguliwi na wananchi, lakini ndiye mwenye karatasi. Tulimwomba taarifa ya hatua ambayo maombi yao yalifikia, tukitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa mwananchi haki ya kuomba na kuipa ofisi siku 30 za kujibu. Barua zote tatu zilipelekwa kwa mkono. Binti katibu alikuwa na nakala ya kila moja na aliomba igongwe muhuri wa "Imepokelewa" na tarehe. Masijala ya halmashauri walimgongea bila neno. Ofisi ya mbunge haikuwa na muhuri wa kupokelea, kwa hiyo aliyepokea aliandika jina, tarehe na saini kwa kalamu.

Kuhusu kumwandikia pia mbunge wa viti maalumu, lilizungumzwa likaachwa. Wengine waliona mwanamke mwenzao angeelewa upesi. Mimi niliona swali moja likibebwa na watu wawili linaishia kubebwa na hakuna, nao wakakubali, ingawa sina hakika sana kama nilikuwa sahihi kwa kila hali. Kwa kikundi kilicho kwenye jimbo lisilojibu kabisa, ningeshauri vingine.

Majibu

Diwani alijibu kwanza kwa mdomo, kwenye kikao cha kamati ya maendeleo ya kata, akisema fedha zipo na watu wasiwe na wasiwasi. Kuandika alisita. Alimweleza mwenyekiti wazi kwamba takwimu ni za mkurugenzi na yeye akiziandika zikawa na kosa, kosa ni lake. Nilimwelewa. Tulichomwomba ni kwamba aulize kwenye Baraza na atupe kilichojibiwa, bila kuongeza lake. Alifanya hivyo. Mwezi Desemba alileta barua ya nusu ukurasa: kwa robo ya Aprili hadi Juni asilimia 10 ilitengwa, akataja kiasi na kwamba iko kwenye akaunti ya mikopo. Kwa robo ya Julai hadi Septemba jibu lilisomeka "fedha zimetengwa kulingana na makusanyo".

Soma tena hizo sehemu mbili. Ya kwanza ina tarakimu. Ya pili haina. Diwani mwenyewe ndiye aliyeliona hilo alipokuwa akinakili, na alipiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu kabla ya kuileta.

Jibu la mbunge lilifika Januari 2024, safari hii kwenye karatasi yenye saini yake. Kiini chake kilikuwa sentensi tatu: "Kwa maelezo niliyopewa wizarani, utaratibu mpya unaandaliwa, na vikundi vyote, vikiwemo vilivyokwisha kukaguliwa, vitaomba upya kwa kufuata kanuni mpya. Sina tarehe ya kuwaahidi. Nawashauri mhuishe usajili wenu na mtunze kumbukumbu za marejesho na michango."

Mkurugenzi hakujibu. Siku 30 zilipita, tukakumbusha kwa barua nyingine, na hiyo pia ikalala.

Jibu la mbunge liliposomwa kikao kilikuwa kimya kwa muda, kisha mmoja akauliza, "Kwa hiyo tumekula hasara?"

Bibi alikuwa akipepeta mchele, hakuinua kichwa. "Hasara tulishaila tangu mwezi wa nne. Leo ndiyo tumeambiwa."

Walichoamua

Wiki hiyohiyo walikwenda kwa muuza mbao na barua ya mbunge mkononi. Ile ya WhatsApp ilikuwa imewanunulia muda. Hii iliwapa nafasi ya kuzungumza kwa ukweli. Alikubali kurudishiwa nyavu ambazo hazijafunguliwa na sehemu ya mirunda, na deni lililobaki likalipwa kidogo kidogo kutoka kwenye kibati chao, ule mchango wa kupokezana kwa zamu, zamu moja ya kila mzunguko ikiwa "zamu ya mbao". Kwa mirunda waliyobaki nayo walijenga chanja mbili badala ya sita, kwa nguvu zao na waume wawili waliokubali kuchimba mashimo.

Chanja hizo zingekuwepo tangu Julai 2023 lau wangepata jibu hilo mwezi Juni. Mvua za El Niño za mwisho wa mwaka huo zilikuta dagaa wao mchangani, na walichomwaga ni kingi. Sina hesabu ya kuaminika ya hasara hiyo na sitabuni moja.

Mwaka 2024 mikopo ilirejeshwa kwa kanuni mpya. Serikali ilichagua halmashauri 10 za kujaribia utoaji kupitia benki, na kwa mkoa wetu iliyoingia ni Bumbuli. Nyingine, yao ikiwemo, ziliendelea na utaratibu wa halmashauri ulioboreshwa. Waliomba upya ndani ya mwaka wa fedha 2024/25. Wakati huo walikuwa wamebaki tisa. Wawili walihamia kwenye mwani, na mmoja alichoka akaondoka na mchango wake, ugomvi ambao si wa kisa hiki. Mkopo uliingia 2025, pungufu ya kiasi walichoomba, ukatosha chanja tatu na bati za kibanda. Daftari la usajili lililohuishwa na kumbukumbu za michango, vile alivyoshauri mbunge, ndivyo vitu vya kwanza walivyoulizwa.

Uchambuzi

Nianze na kisichokuwepo. Barua hizi hazikubadilisha sera. Mikopo ingerudi 2024 hata kama kikundi hiki kisingeandika mstari mmoja, na atakayewaambia wananchi kwamba barua ya wanawake kumi na wawili ilirudisha asilimia 10 anawadanganya. Baadhi ya wenzangu hutumia hilo kusema kwamba kuandika ni kupoteza karatasi na kwamba mheshimiwa hukamatwa msibani au kwenye mkutano wa hadhara. Mheshimiwa kweli hukamatwa huko, lakini anachotoa huko ni ahadi. Ahadi haikumsaidia muuza mbao.

Kilichopatikana ni hapana iliyo wazi, iliyosainiwa, na iliyofika Januari badala ya wao kuigundua wenyewe mwaka mmoja baadaye. Ukilinganisha majibu mawili ya mbunge huyohuyo, la kwanza lilikuwa la upole zaidi na ndilo lililowaumiza. "Anayafanyia kazi" iliwafunga miguu miezi mitatu. Hawakujenga, hawakurudisha mbao, hawakuanza kibati cha deni, kwa sababu mtu aliyeambiwa asubiri na mkubwa wake anasubiri. Jibu la pili halikuwa na faraja hata kidogo, na siku saba baadaye walikuwa wamekwisha kufanya makubaliano. Wawakilishi wengi huogopa kuandika hapana kwa kudhani itawagharimu kura. Kwa nilivyowasikia wanawake hawa wakimzungumza baadaye, aliheshimika zaidi kwa barua ya Januari kuliko ya Juni. Mmoja alisema, "Angalau huyu kasema."

Lakini hapana hiyo haikuja yenyewe, iliombwa. Ile sentensi ya "hata kama jibu ni kwamba tutaomba upya" ndiyo ninayoiona kuwa ya thamani kubwa kuliko nyingine zote katika barua zile tatu. Barua za wananchi kwa kawaida huomba kitu, na asiyeweza kukitoa hubaki na njia mbili tu, kuahidi au kunyamaza. Swali linalokubali majibu yote mawili humpa njia ya tatu. Katibu wa mbunge, ambaye ndiye anayezisoma kwanza, alimwambia binti kwamba barua ile aliweza kuipeleka wizarani kama ilivyo, kwa kuibandikia ukurasa wa juu tu. Ile ya Juni asingejua aipeleke wizara gani: ya ujenzi, ya maji, au ya michezo.

Kwa upande wa diwani, kilichofanya kazi ni kumuuliza kilicho ndani ya kikao chake na kumwekea kikao hicho kama mwisho wa muda. Robo mwaka ina tarehe zake, na Baraza likipita bila swali kuulizwa kila mtu anajua. Ziara ya Bibi ilisaidia pia. Diwani alituambia baadaye kwamba angeipata barua bila salamu angeipeleka kwa mkurugenzi "ijibiwe kitaalamu", maana yake ingekwenda kulala. Sishauri ziara kama hiyo pale ambapo diwani ni mtu wa vitisho au pale mwandishi ni mtu mmoja asiye na wa kumsindikiza. Hapa walikuwa kumi na wawili, na mmoja wao alimuogesha.

Nakala saba za barua ya kwanza zilikuwa kosa la kawaida kabisa. Kila ofisi iliona majina ya nyingine sita na ikaamini jibu litatoka huko. Barua za pili zilikuwa na nakala moja kila moja, na kwa mkurugenzi ambaye hakujibu, angalau hakuweza kusema hakujua Baraza litaulizwa nini.

Chanzo cha maumivu yote, hata hivyo, hakikuwa barua. Kilikuwa "Mmepita" ya barazani. Mtumishi wa halmashauri alitoa kauli ambayo hakuwa na mamlaka ya kuitoa, kwa nia njema naamini, na watu kumi na wawili wakaingia deni juu yake. Siku ile ingetosha binti katibu kuandika mistari miwili, "Leo ofisa ametukagua na kutujulisha kwamba tumefuzu, tunaomba uthibitisho", na kuipeleka. Ama wangepata uthibitisho, ama wangeambiwa bado, na mirunda ingebaki kwa mwenyewe.

Upande wa mkurugenzi ulishindwa moja kwa moja. Sheria ya 2016 inayo njia ya kukata rufaa kwa anayenyimwa taarifa, na hatukuifuata. Sababu ilikuwa ya wazi: jibu la mbunge lilikwisha kufika, jalada la zamani halikuwa na maana tena, na kikundi hakikutaka kugombana na ofisi itakayopitisha maombi mapya. Uamuzi ulikuwa wao. Mimi naona ulikuwa wa busara kwao na mbaya kwa wengine, kwa sababu ofisi iliyojifunza kwamba siku 30 hazina matokeo itamfanyia hivyohivyo anayefuata.

Kilichobaki wazi

Ile robo isiyokuwa na tarakimu haijajibiwa. Diwani aliahidi kuiuliza tena, na kwenye kikao kilichofuata aliambiwa taarifa itawasilishwa. Kisha kanuni mpya zikatoka, mkopo ukaingia, na hamu ya kujua ikaisha. Haiwezekani kusema kwamba fedha ilitumika vibaya. Inawezekana makusanyo yalishuka, au ilitengwa na aliyeandika jibu hakuwa na karatasi mbele yake. Ndiyo maana swali lilikuwa la kiasi, na ndiyo maana jibu lisilo na kiasi halijafunga kitu.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 2025 kata ilipata diwani mwingine. Binti katibu alikwenda kujitambulisha na kuuliza kama ofisi ya kata inayo ile barua ya Desemba yenye mstari mwekundu. Haikuwepo, wala nakala ya barua yao wenyewe haikuwepo. Diwani aliyetoka aliandikiana nao kwa jina na kuhifadhi kila kitu nyumbani kwake. Binti amepiga kopi za zote, amezipeleka kwa mtendaji wa kata, safari hii zikiwa na anwani ya "Ofisi ya Diwani" na ombi la kupewa namba ya jalada, na ameongeza barua mpya ya aya tatu inayouliza kiasi cha robo ya Julai hadi Septemba 2023. Baraza la robo hii halijakaa.